Salamu Nimemwachia Shemeji

Rafiki yangu Bigirimana,

Kibanda chetu kipo palepale, njia ya sokoni, na mimi bado niko chini ya baiskeli za watu. Hujambo huko? Ona, nimeanza na kibanda kabla ya kukujulia hali. Ungecheka mpaka ukohoe.

Unanijua. Mteja akifika, macho yangu yanakwenda kwenye gurudumu. Wewe ndiye uliyekuwa ukisimama, unapiga makofi taratibu, unamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha unauliza habari za nyumbani, za mama yake, za mbuzi, za mvua ya upande wao. Mlikuwa hamjafika kwenye habari za maharage, mimi nimeshanyoosha rimu. Nikinung'unika kwamba unapoteza muda, unanijibu, "Filipo, wewe shika spoki."

Basi ulipotutoka, nikasema nitafanya yote mwenyewe. Mzee mmoja wa Kasanda akaja, nikamwambia ekseli yake imekwisha, alete nifungue. Kumbe sijamsalimia. Akaigeuza baiskeli yake, akaenda zake akisema hajapata kuona mtu anayesalimia chuma akamruka mwenye chuma. Habari ikazunguka soko zima. Nikajitahidi nami kusalimia, nikamuuliza mtu habari za mkewe, kumbe mkewe tulikuwa tumemzika juzi yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikishika salamu, kazi inalala. Nikishika kazi, wateja wanaondoka.

Na nyumba yako ilikuwa inategemea kibanda hicho. Mkeo, Mama Anjela, akaniambia kaka yake wa Mabamba anakuja kumchukua yeye na watoto, maana hapa hawana cha kushika. Siku ile sikula. Nilikulilia upya, ndugu yangu.

Akaja kibandani kuchukua koti lako. Akakuta watu wawili wamesimama, wamenuna, mimi nimelala chini napambana na mnyororo. Akapiga goti kidogo, akapiga makofi, akaanza: nyumbani, watoto, mihogo. Wakakaa. Mmoja akakumbuka ana baiskeli nyingine mbovu nyumbani. Mimi huko chini nikasikia mikono inakwenda yenyewe kama zamani. Walipoondoka nikamwomba abaki, mdomo uwe wake, mikono iwe yangu.

Akasema, "Na bei nitataja mimi, shemeji. Wewe unatajaga kama unagombana."

Sasa watu wamejaa. Tangu wahamishiwe kwenye vijiji vipya, mashamba yamekuwa mbali, na baiskeli zinateseka. Tairi hazipatikani, kwa hiyo zilizochanika nazishona kwa uzi. Hapo sina mpinzani, nalisema mwenyewe. Shemeji akijaribu kuziba pancha anaziba pembeni ya tundu, nami simfundishi, wala yeye hanifundishi kuongea. Kuna siku tangu asubuhi mpaka kufunga sijamwambia mteja hata neno, na narudi nyumbani nikiimba. Furaha ya namna hii sikuijua.

Kaka yake alikuja kweli, na baiskeli yenye karia kubwa ya kubebea mizigo yao. Shemeji akamsalimia hata mimi nikachoka kusikiliza. Nikajifanya natafuta spana. Kisha akamwambia, "Kaka, mimi nina kazi hapa."

Kaka mtu akanitazama, nikaona ni vema nisifungue mdomo. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa linayumba. Nikalinyoosha vizuri kabisa, nikalijaza upepo, nikapaka grisi kila palipolia. Akarudi Mabamba karia tupu.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi wanao watakulia hapahapa Kibondo, kwenye nyumba uliyowajengea. Nakukumbuka kila siku, lakini sikuigi tena.

Kwaheri.

Wako,
Filipo