Mkaguzi na Utando wa Kitunguu

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, na yule paka wako kazaa tena. Leo nakuandikia ili nijisifu, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuambia mkaguzi alitishia kulifunga somo letu la baiolojia kwa kuwa shule haina hadubini hata moja. Basi nimeitengeneza mwenyewe! Lenzi nimeitoa kwenye deki mbovu ya DVD, nikaipachika kwenye plastiki ngumu iliyoshikwa na bolti tatu. Juu nikalaza simu yangu, kamera yake ikitazama lenzi, chini nikaweka tochi. Shemeji yako aliiita takataka. Amehama nyumbani tangu mwezi uliopita. Usinipigie kuniuliza, bado sijui niseme nini.

Jana mkaguzi alirudi. Wanafunzi wakabandua utando wa kitunguu, wakautia tone la iodini, wakauweka chini ya lenzi. Msichana mmoja ambaye mwaka mzima hajawahi kunyoosha mkono akapiga kelele, "Mwalimu, ni kama ukuta wa matofali! Na kila tofali lina kidoa!"

"Kidoa hicho ni nini?" mkaguzi akamuuliza.

"Kiini cha seli. Hebu inama uone, mzee."

Akainama, akakaa pale mpaka nikadhani mgongo umemkamata. Alipoinuka akaniambia taratibu, "Mwalimu, miaka kumi na sita nakagua somo hili, na kiini nilikuwa nakijua kwa picha tu."

Somo halifungwi, dada. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele, nikimsalimia kila niliyekutana naye.

Mdogo wako,
fundi hadubini