Swali la Binti wa Dobi

Kaka yangu mpendwa,

Huku sisi wazima. Bati la jikoni bado linavuja, na fundi bado anasema kesho.

Jumamosi nawazoesha vijana wanne wa mtaani kujibu maswali ya usaili wa chuo. Tukimaliza tunabadilishana viti: wao wanauliza, mimi najibu. Juzi ilikuwa zamu ya binti wa dobi, ambaye miezi mitatu mizima sauti yake ilikuwa haifiki hata mlangoni. Akakaa kama mkuu wa chuo, akafungua daftari.

"Mwalimu, unasema mama yako aliugua ukiwa chuoni, na hukukosa hata kipindi kimoja. Nani alikuwa anamuuguza?"

Kaka, habari ile nimeisimulia miaka kumi, kwa wakubwa na wadogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtoto wa miaka kumi na saba, anayemuuguza bibi yake mwenyewe, alikuwa amekuona wewe ambaye mimi nakuruka kila nikisimulia.

"Kaka yangu," nikasema. "Aliacha shule."

Akaandika taratibu, kisha akainua kichwa.

"Umeshamshukuru?"

Ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wako uliyemsomesha