Mabega ya Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Nimeenda! Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, lakini nimeenda. Darasa la kuchora liko ghorofani, juu ya duka la rangi. Ngazi za saruji, harufu ya tina ya kuyeyushia rangi kila mahali. Wanafunzi wengine wangeweza kuwa wanangu. Mwalimu ni mama mfupi, mkavu, mwenye sauti isiyojua kunong'ona.

Nyumbani nimesema Jumamosi mchana tunasafisha mashine kazini. Mume wangu hata hakuinua kichwa. Bora angeuliza.

Sababu ya kujificha naijua. Ni ile kazi ya shule ya kitinda mimba wangu, achore familia yake. Nikamsaidia, mama mwenye huruma! Mwalimu wake akaandika kwa kalamu nyekundu: wanyama wazuri. Mume wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba mkwe, ambaye hacheki ovyo, aliingia chumbani kwake nikamsikia anakohoa. Hakuwa anakohoa. Nikajiapiza nitajifunza kuchora mtu, na hakuna atakayejua mpaka niweze.

Haya, leo. Mkaaji (ndivyo Mwalimu anavyomwita mtu anayekaa ili tumchore) alikuwa mbeba mizigo wa sokoni. Kifua wazi, bukta tu. Sikujua macho niyaweke wapi. Nikamchora na shati. Hana shati, mimi nimemvisha! Mwalimu akasimama nyuma yangu, akauliza, wewe mama unafanya kazi gani? Nikasema dobi. Akasema ndiyo maana, huyu mtu umemtundika kwenye henga ya nguo. Darasa zima likaangua kicheko.

Ni kweli lakini. Mabega yamenyooka, mikono inaning'inia, ndani hamna kitu. Miaka yote hii napiga pasi nguo za watu. Kola zao nazijua, jasho lao nalijua. Watu wenyewe sijawahi kuwatazama.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu alisema tutazame watu kila tuendapo. Nimemtazama mteja mmoja shingo, pale inapokutana na bega. Akafunga kifungo cha juu, akachukua suruali zake, akaondoka bila hata kuaga. Bosi ananiuliza nimemwambia nini yule baba. Nimeona haya mpaka jioni.

Ijumaa, 8 Machi

Baba mkwe ameniomba nimnyooshee shati lake jeupe. Siku hizi kila Jumamosi anakwenda kwa rafiki yake fundi saa. Nafurahi. Tangu Mama mkwe atutoke alikuwa wa kitandani na sebuleni, sebuleni na kitandani. Sasa anatoka, tena ametakata. Nimempigia pasi kola mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Mbeba mizigo ameumia kiuno. Mwalimu akasema msihofu, leo tumemwazima mzee mkaaji wa darasa la asubuhi, ana mifupa mizuri sana, mtampenda. Nikachonga penseli yangu. Pazia likafunguka.

Baba.

Baba mkwe wangu! Kifua wazi, bukta ya kijani, miguu mitupu. Akapanda jukwaani taratibu, akaketi kwenye stuli, akakaza macho ukutani kama walivyofundishwa wakaaji, wasitazame mtu. Na shati lake jeupe, lile nililolinyoosha mimi, limetundikwa kwenye msumari.

Nilijificha nyuma ya ubao wangu mzima mzima. Ardhi ingepasuka ningeshukuru. Mtu ambaye mezani sijawahi kumtazama machoni, nikimpa maji nayatoa kwa mikono miwili huku nimeinama! Leo nione kitovu chake?

Kutoka sikuweza, mlango uko nyuma ya jukwaa. Nikachora stuli. Nikachora miguu ya stuli, misumari ya stuli, kivuli cha stuli. Mwalimu akapita. Kwa sauti yake ile ile: "We mama wa dobi! Stuli umeipatia. Mtu yuko wapi?"

Kicheko. Baba hakugeuza kichwa. Ila sikio lake niliona limesogea. Nina hakika lilisogea.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kimepita mimi na Baba tumeinamia sahani, mume wangu anasimulia mpira peke yake. Kuna mahali Baba alitaka chumvi, akamtuma mtoto aichukue mbele yangu.

Nikajiuliza, labda hakuniona? Jioni nimekuta shati limewekwa juu ya meza yangu ya pasi. Siku nyingine hunipa mkononi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeamua, siendi tena. Nimelinyoosha shati lakini. Nani mwingine atalinyoosha?

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda. Nilijidanganya nakwenda kuaga tu.

Alikuwepo. Nilipoingia alikuwa tayari amekaa, na mara hii aliniona, nikaona ameniona. Akafumba macho, akafumbua, akarudi ukutani kwake. Basi. Sikujua ni ruhusa au ni hasira. Nikazunguka nikakaa nyuma kabisa, upande wa mgongo wake. Nikaona afadhali hapa, mgongo hauna macho.

Mwanzo nilitazama kwa kuiba. Halafu sijui nini kilitokea. Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Shingo imekwenda mbele. Mbavu zinahesabika. Chini ya bega lipo lile kovu la siku alipoanguka kutoka kwenye paa, mume wangu husimulia, ndiye aliyekimbia kuita watu akiwa mdogo. Ngozi ya kiunoni imelegea, imekunjamana. Nikawa simwoni tena mkwe. Namwona mtu. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikasahau hata kupiga chafya niliyoibana!

Mwalimu alisimama nyuma yangu muda mrefu. Safari hii alinong'ona, kumbe anaweza. Alisema hapa kuna mtu. Akachomoa karatasi yangu, akaibandika ukutani, katikati, akaandika jina langu chini kwa herufi kubwa. Ni kwa ajili ya maonyesho, Jumamosi ijayo. Wazazi, majirani, kila mtu.

Na mimi nilifurahi. Hili ndilo linaloniumiza. Nilifurahi kwanza, aibu ikafuata nyuma. Nimemvua nguo mzee wa watu, mbele za watu, na nikapongezwa!

Nilikimbia kushuka ngazi, nikakumbuka mkoba, nikarudi. Wenzangu walishaondoka. Baba alikuwa amesimama mbele ya mchoro, anafunga vifungo vya shati. Akasogea karibu. Akarudi nyuma. Kisha akajinyoosha pale pale, kifua mbele, kidevu juu, akakaa hivyo kidogo. Halafu mabega yakashuka tena.

Nimeuacha mkoba.

Jumatatu, 18 Machi

Leo mume wangu kaja na bashasha. Amepata kazi ya kufunga taa, maonyesho ya wachoraji, ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Anaanza Alhamisi. Akasema nasikia wanachora watu nusu uchi, jamani, watu hawana kazi! Akacheka. Watoto wakacheka. Mimi nilicheka pia, tena kwa nguvu. Baba alitafuna polepole sana.

Alhamisi atapanda ngazi na waya wake begani, ataiona ile picha. Jina la mkewe chini. Kovu la baba yake juu. Hata gizani atalijua lile kovu.

Nimewaza kwenda kuichana. Nimewaza pia kwamba ndicho kitu pekee nilichowahi kukipatia. Aibu juu ya aibu.

Jumatano, 20 Machi

Mchana. Watoto shuleni, mume kazini, mimi nina zamu ya jioni. Naandika haraka.

Baba amekuja hadi mlango wa jikoni. Huwa haji jikoni. Kapeleka mkono kinywani, kakohoa, mara hii kikohozi cha kweli.

"Mwanangu. Kesho mumeo anakwenda kule."

Ndiyo mara ya kwanza kulitaja. Nilishika ukingo wa meza. Nikamwambia nisamehe Baba, nitakwenda sasa hivi, nitamwomba Mwalimu aitoe.

"Usiitoe. Nani kakwambia uitoe?" Akaegemea mlango. "Humu ndani mnanilisha vizuri. Heshima mnanipa, sina neno. Ila hakuna anayenitazama. Kule naketi, watu wazima na akili zao wananitazama mchana kutwa. Nimependa."

Nikalia. Akageuza uso dirishani ili nilie vizuri.

Halafu akauliza. Sauti ndogo, si yake.

"Lakini mgongo wangu... ndio umefika hali ile?"

Ningesema hapana. Neno moja tu, hata mtoto angeweza kulisema. Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka ikawa jibu, naye akalipokea, akatikisa kichwa juu chini mara kadhaa.

"Mumeo bado ananiona yule mwenye nguvu wa juu ya paa," akasema. "Basi nichore tena. Nikae sawasawa. Ukaiweke mahali pa ile, kabla hajafika."

Nikasema sawa Baba, ngoja nikachukue penseli.

Penseli ninayo. Iko nyweleni. Nimekuja chumbani naandika hapa, mwoga mimi.

Nikichora alivyokaa, nitakuwa nimemdanganya mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na Baba atajua kwamba nimemhurumia. Nikichora alivyo, nitakuwa nimemwambia Baba mara ya pili kuwa mgongo umechoka.

Kupitia pazia namwona. Amevua shati mwenyewe, amelikunja vizuri, ameliweka kwenye kochi. Ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, mikono magotini, kidevu juu, kifua amekijaza pumzi. Kweli amenyooka! Mtu angempa miaka hamsini. Mapaja yanatetemeka. Bega la kulia linaanza kushuka, analirudisha. Linashuka.

Ananiita.

"Mwanangu, fanya haraka basi. Siwezi kukaa hivi sana."