Nikibandika Kidude cha Tozo, Mwanangu Atajua

Mshauri mpendwa wangu,

Naomba unisaidie, na kwanza unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la sita kwa sababu kaka zangu ndio waliosomeshwa, lakini mwanangu Sang-hyeok alisoma hadi chuo kikuu na hatukulipa ada hata mwaka mmoja, sasa ni mhandisi kwenye kiwanda cha betri huko Cheongju, ana watu kumi na wanne chini yake, na mtu akikwambia hapa Sangju kuna mtoto mwingine aliyefika hapo mwambie amlete nimwone. Jina langu usiliandike gazetini. La mwanangu andika tu, hana baya lolote.

Shida yangu ni kidude cha tozo, kile cha kubandika kwenye kioo cha mbele cha gari, unakitia kadi, ukifika langoni hutoi tiketi wala hela, unapita tu kinajilipia chenyewe. Mwanangu amenitumia kwa posta wiki iliyopita. Kiko hapa mezani ndani ya boksi lake, na kila nikila nakitazama kama mgeni ambaye sijui nimpe nini.

Nina miaka sabini na moja, baba yake Sang-hyeok alifariki huu mwaka wa saba, naishi peke yangu na miti yangu ya persimoni, na sasa ni msimu wa kuyamenya matunda yake na kuyaning'iniza yakauke, kwa hiyo ukiona karatasi ina madoa ni utomvu wala si machozi. Gari alinipa Sang-hyeok aliponunua jipya, hakuliuza, alisema mama aendeshe, mpaka leo liko kwa jina lake na bima analipa yeye, na wenzangu hapa wanaletewa soksi. Kila mtu anajua kwamba naendesha mpaka Cheongju mara mbili kwa mwaka, Seollal ya mwaka mpya na Chuseok ya mavuno, na sikukuu hizo barabara haitozwi, unapita bure. Ndivyo kila mtu anavyojua.

Ukweli, mshauri, naenda kila mwezi.

Naenda Jumatano. Naamka alfajiri napika mikate ya mchele kwa mvuke, naifunga kwa taulo mbili ili ifike ya moto, napakia na kimchi, kabichi yangu ya kuchachusha na pilipili, na maharage ya soya ya sukari anayoyapenda tangu mtoto, naendesha saa moja na ushee nafika kwenye maghorofa anakokaa, yako manane na getini kuna mlinzi mmoja, Mzee Pyo, nashusha kioo namkabidhi mzigo na kumwambia aseme umeletwa na basi la vifurushi. Halafu naegesha pale maegesho, nalaza kiti kidogo, nangoja. Saa tisa na dakika arobaini basi la njano la chekechea linafika na mjukuu wangu Seo-ha anashuka, anarusha mguu wa kushoto akitembea, babu yake huyo huyo, huwezi kukosea, mama yake anampokea mkoba, wanaingia ndani. Nami nawasha gari. Jioni Sang-hyeok ananipigia, "Mama, kifurushi kimefika," namjibu, "Mabasi ya siku hizi yana haraka."

Utaniuliza kwa nini sipandi juu. Seo-ha alipozaliwa, miaka minne iliyopita, nilikwenda bila kusema, namba ya kubonyeza kufungulia mlango wa nyumba ile ya zamani nilikuwa naijua, nikaingia polepole nikamkuta mkamwana wangu Eun-sol amelala saa nne ya asubuhi na mtoto wa wiki tatu kifuani, sikumwamsha, nikaosha vyombo, nikakunja nepi upya maana zilikunjwa vibaya, nikafungua friji nikawa natupa vilivyokwisha, na hapo ndipo alipoamka. Alishtuka kama ameona mwizi. Akasema, taratibu kabisa, hakupaza sauti, "Mama, siku nyingine nipigie kwanza." Mimi nikachukua begi langu. Nilimnyonyesha mume wake kwa mvua na jua halafu nipige simu? Baadaye wakahamia hapa walipo, namba ya mlango mpya hawakunipa na mimi sikuuliza, si mtu wa kuomba namba ya mlango wa mwanangu mwenyewe. Sikukuu ninapokwenda nafunguliwa, nakaa, nahudumiwa vizuri tu, siwezi kusema uongo, Chuseok hii nilishindwa kuinuka sakafuni kwa magoti haya na Eun-sol mwenyewe ndiye aliyenishika kiwiko. Kesho yake narudi. Nyumbani kwangu kinachoongea ni sufuria ya umeme ya wali, ndiyo inayonijulisha kwamba wali umeiva, nikoroge, nami huijibu asante.

Sasa mwezi wa tisa nikakosea. Siku zote napita njia yenye dirisha, kuna mama mmoja pale anapokea tiketi na kunitakia safari njema, lakini siku hiyo nilikuwa nyuma ya lori la kabichi, lori likafuata mstari wa buluu na mimi nikalifuata, kumbe mstari wa buluu ni wa wenye vidude. Kengele ikalia, hakuna kizuizi, nikapita na moyo wangu mkononi. Nikadhani yamekwisha. Kumbe walipiga picha namba ya gari, na karatasi ya deni ikaenda kwa mwenye gari, yaani kwa mwanangu, tarehe, saa, na lango la Cheongju.

Akanipigia. "Mama, Jumatano ile ulikuwa huku?"

"Mimi? Nitafute nini huko?"

"Gari lilikuwa huku, mama."

"Basi ni Mama Jong-gu, alikuwa na miadi ya meno, nilimwazima."

"Mama Jong-gu hana leseni."

Nikamwambia, "Basi amejifunza."

Halafu akasema atanitumia kidude ili nisipate shida tena langoni. Nikamwambia cha nini, mimi ni mtu wa mara mbili kwa mwaka, tena siku za bure, si hasara hiyo? Akasema, "Mara mbili tu, mama?" Sikujua anauliza au anasema.

Nikamwonyesha Mama Jong-gu boksi, ni jirani yangu, tunamenya pamoja, ulimi wake ni kisu kikali kuliko kile alichoshika. Akaitoa kadi, akasoma jina la mwanangu juu yake. "Ahaa! Ukipita langoni tu, simu ya Sang-hyeok inalia ting, mama yuko hapa, saa kadhaa. Zamani ng'ombe wangu nilimfunga kengele shingoni. Wewe umefungiwa kiooni." Nikamwambia angalau mimi nina mtu wa kunifunga kengele. Akacheka, lakini usiku ule sikumla samaki wangu.

Jambo jingine ni dogo ila nisilifiche. Mzee Pyo ni mtu mwema kupita kiasi. Kila nikienda ananirudishia vyombo vya mwezi uliopita vimeoshwa vinang'aa, na havirudi vitupu, mara machungwa madogo, mara soksi nzito za saizi yangu barabara, na safari hii ndani ya chombo cha kimchi kulikuwa na plasta za magoti, zile zinazochoma vizuri, na juu ya mfuniko kibandiko cha bata wa njano. Nikamshukuru, akainama tu, "Si mimi wa kushukuriwa, mama." Mama Jong-gu anasema mzee ananitaka. Ni mjane kweli. Lakini mimi bata wa njano ameniogopesha.

Sasa niambie, mshauri. Nikikirudisha kidude, nimethibitisha kwamba mimi ni wa mara mbili kwa mwaka. Nikikibandika, kila Jumatano yangu italia kazini kwake mbele ya wale watu kumi na wanne, na ataniuliza, mama, ulikaa wapi mpaka saa kumi. Nikiacha kwenda, basi mwezi mzima sina siku. Nifanyeje?

Mama wa Sangju

*

Mama wa Sangju,

Pole mama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale Mama Jong-gu alipopata leseni. Mara ya pili sikucheka.

Kidude kwanza, maana wako wasomaji wengi wanaoniuliza hilo hilo. Mtu anayetoka sikukuu kwa sikukuu hakihitaji: siku hizo barabara ni bure, na njia yenye dirisha haijafungwa. Anayepita mara moja kwa mwezi, akiwa na magoti yanayomruhusu na hana haraka, naye anaweza kuishi bila hicho. Kinamfaa anayechoka na foleni, na anayefuata malori ya kabichi. Na kama hutaki simu ya mtu yeyote ilie, zipo kadi unazozijaza pesa mwenyewe, hazina jina la mwana wala la mjomba. Ukitia hiyo, utaendelea kwenda na kurudi na hakuna atakayejua. Nimekwambia ili kesho usiseme mshauri alinificha.

Sasa usiinunue. Hukujaza kurasa nne kwa ajili ya foleni.

"Nipigie kwanza" si "usije", mama. Ni kukuomba hodi. Binti ana mtoto wa wiki tatu, nywele zimesimama, hajui ni asubuhi au jioni, anafumbua macho mtu yuko ndani ya friji lake. Angekuwa mamake mzazi angemfokea. Wewe alikusemesha taratibu, umeandika kwa mkono wako. Alikuomba kitu kimoja, simu, na kwa miaka minne hukumpa. Ukaona heri ulalie kiti cha gari maegesho kama askari kanzu, unamvizia mjukuu wako mwenyewe. Na namba ya mlango usiyoiomba, walikunyima lini?

Halafu mama, wewe ni mpishi. Mkate wa mchele unaotoa mvuke unaletwaje na basi la vifurushi? Hilo basi linaendeshwa na nani, na jiko liko kiti cha ngapi?

Mwache Mzee Pyo wa watu. Amekwambia kwa kinywa chake kwamba si yeye wa kushukuriwa, wewe ukaona ni adabu. Mlinzi wa maghorofa manane atajuaje magoti yako, na wewe unamwona kwa kushusha kioo na kupitisha mzigo? Saizi ya mguu wako ataitoa wapi? Nani aliyekushika kiwiko Chuseok uliposhindwa kuinuka? Nani alivipanga viatu vyako mlangoni siku hiyo? Na huyo bata. Mjane mwenye mvi habandiki bata. Mtoto wa chekechea ndiye anayebandika bata, tena hubandika kwenye kitu cha mtu anayempenda, na kwa kawaida huwa ameambiwa kitu hicho ni cha nani.

Umelelewa kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Na mkamwana wako amelelewa hivyo hivyo. Amekuwa akikujibu kila mwezi, nawe unamshukuru mlinzi. Utaniuliza mbona hashuki. Atashukaje? Akikugongea kioo atakuwa amekufumania, na mkubwa hafumaniwi. Anakuachia heshima yako, anangoja umpigie, kama alivyokuomba.

Basi fanya hivi. Leo, usingoje kesho, mpigie Eun-sol. Si Sang-hyeok, Eun-sol. Usimwambie "nilikuwa napita tu," hakuna anayepita tu kutoka Sangju na mikate ya moto. Mwambie, "Ni mimi. Jumatano nakuja. Nije saa ngapi?" Akikupa saa, ifuate. Namba ya mlango akikupa, ishike, na bado ukifika bonyeza kengele. Friji usilifungue hata ukisikia linakuita. Mwanao mwambie Jumatano ile ulikuwa wewe, na Mama Jong-gu umrudishie heshima yake, mwanamke wa watu umemwendesha barabara kuu bila leseni. Tena uharakishe. Jina lako sikuliandika, lakini mwanao umeniomba mwenyewe nimtaje, na gazeti hili Cheongju linafika. Asiyasome kabla hajayasikia.

Ukishakata simu, toka nje ukakibandike kile kidude. Simu yake ilie ting mbele ya watu kumi na wanne, na wao wajue kwamba mhandisi wao ana mama na mama yuko njiani. Lakini kidude kisikupigie hodi. Hodi piga mwenyewe.

Kibandike juu, upande wa kulia, kisikuzuie kuona barabara. Chini yake patabaki nafasi. Mbandue bata kwenye mfuniko, umweke hapo, ili Seo-ha akija kukupokea maegesho ajue gari ni lipi.