Manyoya Uliyobeba Mgongoni

Tito,

Nyumba ya mama yako haipitishi upepo tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilolifia, na kwa sababu hukuwahi kuwa mtu wa salamu ndefu. Kuta tatu zimejaa, na wa nne nimeumaliza jana. Julai imeingia Molo na ukali wake wa kila mwaka, asubuhi majani ya viazi ni meupe kwa barafu, lakini ndani ya nyumba ile mtu anaweza kuvua sweta akala chakula chake kwa amani.

Ni mimi Gidi. Nina neno ambalo nimewaficha watu wote tangu tukuzike, na nimechoka nalo.

Unakumbuka mwaka jana mama alivyolazwa na nimonia. Nyumba ya mabanzi, kati ya banzi na banzi unaingiza vidole vitatu, na upepo wa msituni unakuja moja kwa moja kitandani. Tulipomrudisha kutoka hospitali, akiwa mwepesi hata ukambeba kwa mkono mmoja, uliapa mbele yangu. Ulisema, "Buda, Julai ingine haitampata mathe hivi." Matofali yalikuwa ndoto, hata mbao mpya zilikuwa ndoto. Ndipo ukaja na wazo lako la kichaa.

Ulikuwa umemwona kondoo amelala juu ya barafu asubuhi, anacheua, hana habari. Ukaniuliza huyu ana nyumba gani. Siku hizi manyoya hayana mnunuzi, na kwenye lile shamba la juu wanawanyoa kondoo halafu manyoya wanayatupa shimoni. Ungeyaomba bure, uyaoshe, uyashindilie ukutani, ndani ufunike kwa katoni, juu ya katoni magazeti na gundi ya unga wa ngano. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuambia mama yako ataamka siku moja analia mee, ukanirushia kiazi kikanipata sikioni.

Kwa hiyo nilijua, Tito. Molo nzima hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna mtu anayeweza kupita barabarani na gunia la manyoya bila kuwa ameiba kondoo. Wewe ulijua, na mimi.

Asubuhi ile tulikuwa tunapakia viazi kwenye lori, na ukungu ulikuwa mzito hata aliye juu ya lori simwoni, nasikia kikohozi chake tu. Mzee Barnaba, jirani yenu wa ng'ambo ya mto, alikuwa amepoteza kondoo sita juma hilo. Tukasikia mayowe kutoka barabara ya juu kwamba mwizi ameshikwa, amechinja, manyoya yana damu mbichi. Ilikuwa damu ya makasi. Kila kondoo akinyolewa na mtu mwenye haraka hukatwa hapa na pale, na wewe uliyabeba vile vile yalivyotoka shimoni.

Sikuuliza mtu. Niling'oa mpini wa jembe nikakimbia nao, na nitakuambia bila kupamba, nilikimbia kwa furaha. Mwaka juzi waliniibia kondoo wawili, na muda wote huo nilikuwa nimeweka kipigo ambacho sikuwa na wa kumpa. Nilisikia mwili mzima umepata kazi.

Ulikuwa kifudifudi kwenye tope, kofia imevutwa hadi shingoni, gunia limepasuka. Wengine walikuwa na mawe, wengine na nguzo za ua walizong'oa pale pale. Wanawake walikuwepo pia. Nilisukuma watu nikapata nafasi. Nikapiga mgongoni. Nikainua tena nikapiga, na mara hiyo nikasikia mfupa.

Ukasema, "Mathe." Hukusema kwa nguvu.

Niliijua sauti. Nilikurukia nikakulalia, nikapiga kelele jina lako, lakini watu waliokwisha kuonja damu hawajui jina la mtu. Walinipiga mimi juu yako. Mbavu mbili zilivunjika, na jino la mbele liko mahali fulani kwenye tope lile. Walipoacha, ulikuwa bado unapumua. Tulikukimbiza hospitali, ukakata roho kabla hatujaifikia hata lami.

Na sasa sikiliza lililofuata, utacheka au utanilaani. Watu waliona tu yule aliyekulalia. Kwenye mazishi pasta alinisimamisha mbele ya kaburi, nimefungwa bandeji kifuani, akasema huyu ndiye rafiki. Mama yako alinipa gambuti zako, vile viatu vya mpira vya shambani. Akaanza kuniita mwanangu, akinipakulia nyama kwanza kabla ya yeye mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kila siku nilizaa sifa.

Polisi walikuja mara moja, wakaandika, wakaondoka. Hakuna aliyeona chochote. Ukungu ulikuwa mwingi, walisema wote, wakiwemo walioning'oa jino.

Mbavu zilipopona kidogo nilirudi pale nikaokota manyoya yako yote, hata yale yaliyokanyagwa. Niliyaosha kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, maji matatu, mpaka mafuta na damu vikatoka. Kisha nikayaanika kwenye seng'enge kando ya barabara, upande ambao kila mtu wa kijiji lazima apite kwenda kuchota maji. Yalikauka kwa siku mbili. Niliyaacha kumi. Nilikaa hapo na nyundo mapajani, nikimtazama kila mtu usoni, na wengi waligeuza shingo. Nilifurahia sana. Mnafiki mkubwa wa wote alikuwa ameshika nyundo.

Kazi yenyewe nimeifanya ulivyotaka. Mama alikausha maua ya pareto, akayatwanga, tukachanganya na manyoya ili nondo na chawa wasipate makao. Dari ni magunia ya mbolea niliyoyashona pamoja, na chini ya mlango nimepigilia kipande cha tairi. Dirisha la jikoni nimeliachia nafasi ya kiganja kwa ajili ya jiko la makaa. Ulinionya mwenyewe kwamba tusije tukamuua mathe kwa joto.

Manyoya yako yalitosha kuta tatu. Ukuta wa nne, ule wa kitanda chake, ulibaki.

Alhamisi akaja Elkana, yule mwana mkubwa wa Barnaba, mmoja wa waliokuwepo kwenye tope lile. Alikuwa amebeba magunia mawili ya manyoya safi. Akasema baba yake amewanyoa kondoo waliobaki, na haya ni ya mama Tito. Nilimwangusha kabla hajayatua. Nilimpiga ngumi kwenye mdomo, nikamkalia kifuani, nikampiga tena, na mkono ulikuwa unajua njia kuliko mimi. Hakujitetea. Alitema damu kando, akaniambia polepole, "Hata wewe ulipiga, Gidi. Nilikuwa karibu na wewe. Nilikuona."

Nikainuka kifuani pake. Akaenda zake akiyaacha magunia. Hasira hasara, husema watu wakishapoa, lakini mimi sikuwa nimepoa, nilikuwa nimeogopa. Nilijua hatasema. Akinitaja anajitaja. Ningeweza kuyachukua yale magunia, nikajaza ukuta, nikawa mwana wa mama yako mpaka afe.

Mama alikuwa ndani anakoroga gundi. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya mpini, mgongo na mfupa. Nilimwambia kwamba ulimwita. Hilo hakuwa amelijua, na ndilo lililomkalisha chini.

Gundi iliungua kwenye sufuria. Kisha akainuka, akaja, akanipiga usoni na mwiko, na gundi moto ikanishika shavuni. Akanipiga tena. Nilingoja mpigo wa tatu na haukuja. Nilitaka uje, Tito. Mimi nilikupiga miwili; angenipiga wa tatu ningekuwa na kitu cha kumdai.

Akasema, "Maliza ukuta. Ukimaliza uende polisi useme. Na usianze na mtoto wa mtu mwingine."

Niliuliza kama nitumie manyoya ya Barnaba. Aliniambia kondoo hawakumpiga mtu.

Siku mbili nimefanya kazi bila chai, yeye akinipa misumari mmoja mmoja kwa mkono uliogeukia pembeni. Jana nilipobandika gazeti la mwisho alikuja akapitisha kiganja ukutani, kutoka kona hadi kona, juu na chini, akitafuta upepo. Hakuupata. Akavua shali yake, akaitundika, akalala akanipa mgongo. Gambuti zako nimeziacha chini ya kitanda chake.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Ni rahisi mno, na wewe huwezi kunijibu kwa kiazi. Nakukumbuka mpaka naumwa. Nikipita pale juu nasikia ile sauti yako ndogo, na mkono wangu wa kulia unakuwa mzito, siwezi hata kubeba ndoo. Nakuchukia kidogo pia kwa kutonipigia simu asubuhi ile kuniambia unakwenda shambani. Ningekuja tubebe pamoja, na kama ni kupigwa wangetupiga wawili.

Kesho ni Jumatatu. Nitaamka mapema, nimwashie mama jiko nje mpaka moshi uishe, niliingize, nihakikishe dirisha liko wazi. Kisha nitashuka Molo kituoni. Nitataja jina langu na mipigo yangu yote miwili, halafu nitamtaja Elkana, halafu baba yake, halafu kila uso nilioupata kwenye ule ukungu. Watanichukia wote kijijini na watakuwa na haki. Nimemwomba binti wa mjomba wako awe analala kwa mama mpaka baridi ipite. Amekubali.

Nakuahidi hilo moja, kwamba sitarudi nyuma njiani. Pumzika sasa, mama yako ana joto.

Aliyekupiga ni mimi,
Gidi