Zulia Jekundu la Dubai

Umbilo, Jumatano, Oktoba 1998

Ngamia, ngamia! Tangu turudi juzi kutoka Dubai kwa wifi yangu, Baba Zuhura hana swali jingine. Mtoto wa miezi saba nimpandishe ngamia kwenye jua lile? Mchana hatukuthubutu kutoka. Tulizunguka kwenye maduka yenye kiyoyozi, na pamoja na joto lote la jangwani, mwanangu akarudi na mafua.

Tulipopapenda zaidi ni kwa muuza mazulia. Mzee yule alitukunjulia zulia jekundu, akanionyesha kwa mkono nimweke mtoto chini acheze. Hapo ndipo Zuhura alipotambaa mara ya kwanza. Nilikusudia kumwambia baba yake siku ileile tuliyofika, lakini...

Leo karudi kutoka kazini, kule viwandani Jacobs, hata buti hajavua, Zuhura akamtambalia mpaka miguuni. Baba yake alipiga kelele hadi jirani akafungua mlango.

"Eish! Mama Zuhura, njoo uone! Ameanza leo, mbele yangu!"

Machozi yalimlengalenga. Nikasema, "Kweli, leo ndiyo ameanza." Uongo mdogo, nikajiambia, haudhuru mtu.

Halafu, tukiwa tunakula, akasema Jumamosi atapeleka filamu ya safari ikasafishwe.

Imo picha ya lile zulia. Zuhura kapiga magoti, mkono mmoja mbele, anacheka. Kuiunguza filamu ni rahisi, nifungue tu kamera kwenye mwanga. Lakini picha ile niliipiga kwa ajili ya baba yake, ili na yeye aone.