Pampu Isishushwe Kilimani

Thornton Heath, London
Agosti 1997

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti la Mama liwe limetulia. Mimi siumwi, ila tangu Jumapili sina hamu ya chakula.

Nilikwenda kuuona ule mto niliokusimulia, unaoanzia kwenye vilima vya chaki, kusini ya mji. Darasani tulifundishwa kwamba mvua za majira ya baridi huzama ndani ya mwamba, hukaa humo miezi, kisha huchomoza chini ya kilima zikiwa safi kama kioo, na ubaridi wake haubadiliki mwaka mzima. Zamani maji hayo yalizungusha vinu vya unga. Nilikuwa na hamu hata nikavua viatu kabla ya kufika.

Sikukuta maji. Nilisimama katikati ya mto, miguu mikavu, juu ya kokoto nyeupe. Majani ya mtoni yalikuwa yamelala, yamekauka kama nywele zilizokatwa.

Darajani alikaa mzee mmoja aliyewahi kulima mboga za majini hapo. Nikamwuliza kama ni ukame. Akasema ukame ameuona mwingi na chemchemi hazikufa. Zimekufa tangu walipochimba visima vya pampu juu kilimani, maji yakanyonywa kabla hayajachomoza, yakapelekwa kwa mabomba majumbani mjini. Akaniuliza ninakaa wapi. Nilipomwambia, akacheka kidogo.

"Basi mto huu umeshauogea leo asubuhi, binti."

Alfajiri nilikuwa nimetawadhia maji yale yale.

Baba, mliponiuliza, wewe na Kaka Khamis, kuhusu kisima cha pampu cha kumwagilia shamba la tungule, nilijibu kisomi kwamba hakina madhara, kwa kuwa kitakaa juu kilimani, mbali na chemchemi yetu. Mwamba wetu nao ni wa chokaa, unapitisha maji vilevile. Nimekosea. Kosa ni langu, Khamis asilaumiwe. Najua umeshawatangazia watu kwamba binti yako amesoma na amekubali. Tafadhali waambie pia kwamba amekosea. Aibu hiyo nitaibeba mimi.

Simu ya dukani kwa Mzee Juma nimeipiga siku tatu, haiingii, ndiyo nikaandika.

Nisalimie Mama, Kaka Khamis hata kama ataninunia, na Shangazi Zuwena anayeteka maji pale chemchemini kila siku. Mafundi wakiwa wameshafika, wape chai, wazungumzishe, lakini bomba la pampu lisishuke ardhini.

Mwanao,
Salma